Penseli ya Mama wa Amos

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi wa Mei, wanawake wa Bonde la Sorrel waliosomesha watoto wao nyumbani walikuwa wakikutana katika ukumbi wa chini wa kanisa ili kuuziana vitabu vya mwaka uliokwisha. Enzi za mwanzo meza zilijaa hadi kwenye ngazi. Huyu alikuja na keki ya tufaha, yule na mtoto kiunoni, na kabla hujanunua kitabu ulikuwa umekwisha kuambiwa ni mtoto gani alikililia na ni kurasa zipi za kuruka. Mwaka Marla Stoddard alipokwenda kwa mara ya kwanza, meza zilikuwa tatu. Wengine walikwisha kuhamia kwenye kompyuta, ambako mtoto huzibwa masikio kwa vidude vya kusikilizia na kufundishwa na katuni, na mama anaosha vyombo vyake bila kusemeshwa na mtu. Waliyaita hayo maendeleo.

Marla alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, na mumewe Dwayne aliendesha lori la masafa marefu, akirudi kila wiki ya tatu kulala, kula na kuondoka. Jirani wa magharibi aliuza shamba kwa kampuni ya ng'ombe, na madirisha yake yakapigiliwa mbao. Shule ya mawe aliyosoma babu yake Dwayne ilikuwa umbali wa kutembea, lakini siku hizo ilihifadhi marobota ya nyasi. Watoto wa bonde walipanda basi la njano, saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi.

Mwanawe Silas alikuwa na miaka sita, na Nettie mitatu. Marla aliwaambia watu kwamba anamsomesha Silas nyumbani kwa sababu basi linachosha mtoto. Ilikuwa kweli, ila haikuwa yote. Hakuweza kuifikiria nyumba ile kuanzia asubuhi hadi jioni bila sauti ya Silas.

Mama mkwe wake, Verna, aliyekuwa mpishi wa shule ya wilaya kwa miaka thelathini, aliliona hilo na hakulifumbia macho.

"Mtoto hasomeshwi ili mama yake apate wa kuongea naye," alisema mezani, Dwayne akiwapo.

"Mama, taratibu," Dwayne akasema.

"Taratibu gani? Aprili anatimiza saba. Asipojua kusoma ukurasa mmoja siku hiyo, anapanda basi kama wenziwe. Akijua, nitafunga mdomo wangu."

"Sawa," Marla akajibu, kabla mumewe hajamjibia.

Kwa hiyo alishuka ngazi za ukumbi akijua kwamba kitabu atakachochagua ndicho kitakachoamua kama Silas atabaki.

Aliyesimamia mauzo alikuwa Bi Opal, mjane aliyesomesha wanne nyumbani zamani, tangu wakati majirani walipomtishia polisi kwa kosa hilo.

"Unatafuta cha nini, binti?"

"Kusoma na kuandika. Mwanangu ndiyo anaanza."

Bi Opal akamsukumia boksi. "Chukua hili. Kadi za sauti za herufi. Robo saa kwa siku, basi. Halina sura, lakini wanangu wote wametoka nalo."

Marla akalifungua. Kadi nyeupe, herufi nyeusi, na kiongozi cha mwalimu chenye kurasa safi kama shuka za hospitali. Kando yake palikuwa na kitabu kinene cha jalada la kitambaa cha buluu. Humo mtoto husomewa kifungu kizuri kila siku, akakirudia, akakinakili kwa mkono wake. Marla akakifunua katikati. Pembeni mwa ukurasa mtu alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo zilizolala upande mmoja: *Mvua. Amos kagoma kukaa kitini. Tumesoma chini ya meza. Imefaa.*

Akafunua kwingine. *Hapa usimharakishe.* Akafunua tena. *Nimechoka. Hakuna aliyenipigia simu tangu Jumapili.*

Marla akasimama na kitabu mkononi hadi mtu wa nyuma yake akamzunguka na kupita.

"Hicho kizito," Bi Opal akasema. "Kinataka mtoto wa aina yake."

"Kimeandikwaandikwa," Marla akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, kimechafuliwa. Basi nipe dola mbili."

Marla hakumsahihisha. Alilipa, akaenda zake amekikumbatia.

Walianza Septemba. Marla alijiwekea sharti: ukurasa mmoja kwa siku, wa siku hiyo tu, asichungulie mbele. Alikula maandishi yale kama mtu anayekula asali ya mwisho chupani. Watoto wakila uji asubuhi, yeye alisoma kwanza pembeni, ndipo akasoma somo. Mama wa Amos akilalamika juu ya baridi, Marla aliitikia kwa sauti, "Huku pia." Mama wa Amos aliposema mtoto ananakili kwa mkaa badala ya kalamu, Silas alinakili kwa mkaa, na Nettie akaupaka ukutani. Mvua ya kwanza iliponyesha, wote watatu walisoma chini ya meza.

Na Silas alikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Kufikia Novemba aliweza kusoma kifungu kizima cha mbweha na mabata, kidole kikitembea chini ya maneno, sauti ikipanda na kushuka mahali pake. Marla alimpigia Dwayne simu, akampa Silas asome.

"Huyo kweli mwanangu?" Dwayne akauliza kutoka huko alikokuwa, lori likinguruma. "Mimi hadi darasa la tatu nilikata maneno kama napasua kuni."

"Basi kamrithi mama yake," Marla akasema, na wote wawili wakacheka. Kisha simu ikakatika milimani, kama kawaida yake.

Katikati ya Februari Verna alikuja na mguu wa paa, akafunga aproni ili awaokee watoto mkate wa mahindi. Alichukua pakiti ya unga uliochanganywa tayari, akampa Silas.

"Macho ya bibi yako yamechoka. Hebu nisomee hapa, maziwa kiasi gani?"

Silas akaishika pakiti kwa mikono miwili, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma bila kusita: "Mbweha alitoka mapema, umande ukiwa bado majanini."

Nettie akacheka. Verna hakucheka. Aliigeuza pakiti taratibu mikononi mwa mtoto, maana ilikuwa kichwa chini.

"Mbweha hayumo humu, mwanangu," alisema, akapima maziwa kwa macho.

Baadaye Marla alimsindikiza hadi kwenye gari.

"Sikuja kukucheka," Verna akasema.

"Najua, Mama."

"Ana kichwa yule. Anashika kama redio. Lakini hajui hata herufi moja inasema nini. Umebakiwa na wiki tisa."

Alasiri ile, watoto wakiwa nje kwenye theluji, Marla alivunja sharti lake. Walikuwa somo la tisini na nne. Akafunua mbele, akimtafuta mwenzake, kwa kuwa mtu aliyejua la mvua na la mkaa hakosi kujua na hili. Somo la mia na mbili: *Amos analijua shairi lote. Baba yake kafurahi.* Somo la mia na nane: *Nimefunika maneno kwa kiganja. Kaendelea kusoma.* Na pembeni mwa somo la mia na kumi na moja, kwa penseli iliyokandamizwa hadi ikakwaruza karatasi:

*Hasomi. Anakariri. Nilijua tangu Krismasi, sikutaka kujua. Kosa si la mtoto. Nakiacha kitabu hiki.*

Somo la mia na kumi na mbili halikuwa na kitu pembeni. La mia na kumi na tatu pia. Marla alizifunua kurasa zote hadi la mia na sitini, moja moja, na zote zilikuwa safi.

Mtu angedhani kwamba alikifunga palepale. Hakukifunga. Kesho yake alifundisha somo la tisini na tano kama kawaida, na kesho kutwa la tisini na sita, akisoma pembeni kwanza. Mama wa Amos alikuwa amepika jamu siku hiyo. Siku zilikuwa zinahesabika, naye Marla alizipoteza tatu kwa sababu hakuna mwingine aliyemwambia kwamba amepika jamu.

Siku ya tatu Silas alikiweka kidole chini ya mstari, halafu akakiondoa.

"Mama, kwani mimi sijui kusoma?"

"Nani kakuambia?"

"Bibi hakusema kitu. Alinyamaza tu."

Marla akakifunga kitabu. Akakiweka juu ya kabati, mahali pa sahani za wageni, akaenda kumpigia Bi Opal.

"Lile boksi la kadi lipo bado?"

"Liko stoo ya kanisa, na panya. Nilikuambia mapema, binti."

"Uliniambia." Marla akazungusha waya wa simu kidoleni. "Bi Opal, kile kitabu cha buluu kilikuwa cha nani? Alikuwa na mtoto akiitwa Amos."

"Bonde hili limezaa akina Amos wangapi? Kilikuja ndani ya sanduku, bila jina. Amekukosea nini?"

"Nilitaka kumshukuru."

"Zamani ungeuliza kanisani, ukapata jibu kabla ya wimbo wa pili. Sasa wengi wamehama, na wengine tumewazika. Hata mimi binti yangu ananichukua nikaishi naye mjini Tulsa kabla ya Pasaka. Njoo uchukue boksi lako. Sikutozi."

Kadi hazikuwa na mbweha wala umande. Kiongozi kilisema: onyesha kadi, ngoja, mtoto atoe sauti. Marla alionyesha, akangoja. Silas, aliyezoea kusifiwa, alilia wiki nzima ya kwanza. Wiki ya pili alinuna. Wiki ya nne aliunganisha sauti tatu, akatazama juu kama mtu aliyeguswa begani, akaziunganisha tena. Robo saa ilipokwisha, kiongozi hakikuwa na la zaidi. Asubuhi Marla alikifungua kwa mazoea na macho yake yakaenda pembeni, pakawa na weupe mtupu. Alichonga penseli siku moja akakaa nayo. Hakuona la kuandika ambalo mtu angelitaka.

Siku ya kuzaliwa kwa Silas, Verna alikuja na pakiti ileile. Silas aliigeuza juu na chini kwanza kuhakikisha. Alianza kwa shida, akikwama, akirudi nyuma, akitokwa na jasho la pua, na ikamchukua dakika nne kufikia kikombe kimoja cha maziwa. Halikuwa jambo la kupendeza kusikiliza. Verna alivua miwani, akaifuta kwa aproni muda mrefu.

"Basi la njano na lipite," akasema. Hakurudia tena habari ile.

Jumamosi ya pili ya Mei, Marla aliosha nywele, akavaa gauni la kanisani. Alikuwa ameoka keki ya tufaha, kwa kuwa alisikia ndivyo walivyofanya. Kitabu cha buluu alikiweka kiti cha mbele, na ndani yake, kwenye somo la mia na kumi na moja, karatasi yenye jina lake na namba ya simu. Huenda mtu angeutambua mwandiko. Huenda mama wa Amos mwenyewe alikuja kila mwaka, akala keki, akarudi nyumbani.

Uani mwa kanisa hapakuwa na gari. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa, na karatasi imebandikwa kwa gundi. Silas akaruka nje kabla mama yake hajazima injini, akakimbia hadi mlangoni, akaweka kidole.

"Ha. Ha-ku. Hakuna." Akavuta pumzi. "Ma-u-zo. Mauzo. Mwa-ka. Hu-u." Akarudi mwanzo na kuyaunga yote. "Hakuna mauzo mwaka huu."

Akageuka, uso wote unang'aa.

"Mama, nimesoma yote. Hata hukunisaidia."

Marla alikuwa amesimama nyuma yake, kitabu kwapani, keki mkononi.

"Umesoma vizuri," alisema.

"Nisome tena?"

"Soma tena."

Akasoma tena.