Usiongeze Maneno Yako

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nakaa na maikrofoni kando ya skrini katika ukumbi wa video hapa Garissa, nasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, nayasema kwa Kiswahili, maana wateja ni Wasomali na watu wa bara, na lugha yetu ya pamoja ni hiyo. Tunaanza baada ya Alasiri. Watu hunisifu eti nina ulimi. Ulimi gani! Laiti wangejua.

Siku hiyo ilikuwa filamu ya kigeni yenye hadithi fupi fupi, kila moja na watu wake, zote za kisasi, zote za kuchekesha kwa ubaya. Kinyozi anamnyoa adui yake nusu kichwa asubuhi ya harusi, kisha anafunga duka na kwenda zake. Watu waligonga mabenchi kwa kicheko. Nami nilicheka, sikatai.

Ndipo akaingia dereva wa boza, lile lori la tangi la maji, akakaa benchi la mbele. Huyo ndiye aliyemuua mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha boza, akingoja zamu yake ya maji, na yule bwana akarudi nyuma bila kuangalia, shavu limejaa mirungi. Wazee wa pande zote mbili walikaa wakakubaliana mag, yaani ngamia wa fidia ya damu, na dua ikasomwa. Mama yangu hakuitwa kwenye kikao. Kwetu mag ikishapokelewa, mambo yamekwisha. Ukiyataja tena, wewe ndiye mchokozi. Basi, ngamia walikuja, lakini yeye mwenyewe hakuja. Nilichotaka mimi ni neno moja tu, pole, kutoka kinywani mwake. Mpaka leo!

Hadithi ya tatu ilikuwa ya mama ambaye mwanawe aligongwa na gari la tajiri. Kila asubuhi anabeba kiti, anakaa mbele ya geti la tajiri, anamtazama tu. Tajiri anahama mji, mama anahama na kiti chake. Tajiri analazwa hospitali, akifumbua macho, kiti kile kando ya kitanda! Dereva wangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha begani.

Mama yule hasemi neno, kwa hiyo sikuwa na cha kutafsiri. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Mwanangu alikuwa na kiu. Alijilaza kivulini akingoja maji. Wewe hukuangalia nyuma."

Dereva akaacha kucheka, akageuka kunitazama. Wallahi, roho yangu ilitulia. Nilijua sasa atasema.

Akanyoosha mkono. "Warya! Huyo mama hajafungua mdomo! Tafsiri bicha, usiongeze maneno yako!"

"Kweli bwana, unatuharibia," mwalimu mmoja wa bara akadakia. Mabenchi yakaanza kugongwa. Mwenye ukumbi akachungulia mlangoni, akanikazia macho. Mama yangu anakula kwa maikrofoni hiyo.

"Samahani," nikasema, ukumbi mzima ukisikia.

"Hakuna shida, walaal," dereva akajibu, akiniita ndugu, akaegemea benchi lake vizuri. Alinisamehe palepale.