Yaya Yangu

Tuliishi Kansanga, miaka ile wanajeshi walipokuwa wakitawala. Baba na mama walikuwa Wakenya waliokuja Kampala kutafuta kazi. Mimi nililelewa na mwanamke mjane wa Kawempe. Sikujua jina lake. Nyumbani kwetu aliitwa Yaya tu.

Siku moja tulikwenda naye Nakivubo kutafuta sukari. Wakati huo sukari ilikuwa haionekani madukani. Tulibahatika, akaifunga kwenye khanga. Tulipokuwa tukirudi, tukakuta askari wamefunga njia. Mmoja wao akaipapasa ile khanga.

"Hii sukari ya magendo! Wewe, panda lori!"

"Afande, ni ya nyumbani," Yaya alisema.

Ndani ya lori walikuwamo wanawake wengine, wameinamisha vichwa. Yaya akaniachia mkono. Hapo nikapiga ukelele: "Yaya! Yaya yangu!"

Askari akageuka, akachuchumaa mbele yangu.

"Huyu ni yaya yako? Yako kabisa?"

"Ndiyo."

Akamtazama Yaya. "Mimi pia iko na yaya. Iko kule Kongo. Siku mingi sijaona yeye." Akainuka, akamrudishia Yaya sukari. "Haya, enda na mtoto. Enda mbio!"

Tulikwenda bila kugeuka nyuma. Nyumbani, Yaya alikaa chini kizingitini, akalia, halafu akaanza kucheka. Mama alimkumbatia, naye akilia.

Jioni baba alisikia yote, akatuambia kwamba Wakongo humwita kaka au dada mkubwa "yaya". Yule askari alidhani sisi ni ndugu wa tumbo moja. Neno letu sisi lilikuwa jingine: Wahindi ndio waliowaita hivyo walezi wa watoto wao, nao walilipata kwa Wareno. Wahindi wenyewe walikuwa wameshafukuzwa nchini, neno lao likabaki majumbani mwetu.

"Mimi nilidhani ni Kiswahili," Yaya alisema.

"Sasa ni Kiswahili," baba akajibu.

Mama alimwuliza kama angependa tumwite kwa jina lake. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Mtoto aniite vilevile. Nimelipenda."

Usiku ule hakulala chumbani kwake. Mama alimtandikia kando ya kitanda changu, nami nikalala nikimsikia akikoroma, nikiwa na raha ambayo sijui niieleze vipi.