Panzi wa Miguu Mitano

Mara ya kwanza nilipowaambia watoto wa darasa la nne wachore mdudu, karibu wote walimchora akicheka. Walimpa macho ya mtu, mdomo, na miguu minne kama ya mbuzi. Mmoja alimvisha viatu. Nilicheka nao, kisha nikawaambia kwamba kesho hatutachora tunachokijua, tutachora tunachokiona.

Shule yetu iko Masese, karibu na ziwa, ambako harufu ya dagaa huingia darasani kabla ya mwalimu. Asubuhi iliyofuata tulikwenda uwanjani nyasi zikiwa bado na umande na panzi wakiwa wazito kwa baridi. Watoto walijigawa watatu watatu, kila kundi na chupa yake ya plastiki niliyoitoboa matundu. Msichana mmoja alibaki bila kundi. Alikuwa mgeni, ameletwa kuishi na bibi yake anayeanika dagaa, na katika mwezi mzima sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya kuitikia jina. Nilimpa chupa ya peke yake, akaenda kumtafuta panzi wake mwenyewe pembeni mwa uwanja.

Darasani niliwakataza kushika penseli kwa dakika kumi. Kukaa kimya kutazama kuliwashinda wengi kuliko hesabu. Halafu nikawaonyesha ubaoni: anza na mwili, mrefu kama ganda la karanga, ugawe sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo. Miguu yote hutoka kifuani, wala si tumboni, mitatu kila upande, na ile ya nyuma ina mapaja manene. Chora kwa mkono mwepesi kwanza, mstari ukikosea usiufute kwa hasira. Tulimchora kwa juu, kama anavyoonekana ukimwinamia.

Nilipita nikisahihisha. Mchoro wa yule msichana ulinisimamisha. Hata mishipa ya mbawa alikuwa ameiweka, na kichwa kilikuwa kizito mbele kama kichwa cha panzi kilivyo. Lakini upande wa kulia mguu mkubwa wa nyuma haukuwapo. Nikaandika kwa wino mwekundu, Miguu sita!, nikasonga mbele.

Wakati wenzake walipokwenda kunywa uji, alibaki amesimama kando ya meza yangu, chupa mikononi. Aliniambia kwa Kiswahili, lugha ambayo darasani hatuitumii kwa kuwa tunafundisha kwa Kiingereza, lakini ndiyo niliyolelewa nayo nyumbani kwetu Mbale.

"Mwalimu, wangu ana mitano."

Nikaichukua chupa nikaigeuza kwenye mwanga. Panzi alikuwa na mguu mmoja tu wa kurukia. Mahali pa wa pili palikuwa na kidoa kidogo, kikavu, cha zamani. Nilimuuliza kama mguu ulivunjika alipokuwa akimkamata.

"Hapana. Nilimkuta hivyo. Wewe ulisema tutazame."

 Nilimwambia mchoro wake ni mzuri, nikamtuma akanywe uji kabla haujaisha. Baada ya vipindi nilimwona akimwachilia panzi kwenye nyasi. Aliruka upande upande, kisha akafungua mbawa akaenda.

Jumamosi nilikwenda Mbale kumwona mama yangu. Amekuwa fundi wa kushona tangu sijazaliwa, na siku hizi macho yake yamechoka, kwa hiyo mimi ndiye humtungia uzi sindanoni. Nikiwa nafanya hivyo nilimsimulia habari ya panzi, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza yule mtoto alikuwa na umri gani. Nikamwambia tisa, labda kumi.

"Na wewe ulimwomba radhi?"

Nilisema nilimsifu. Mama akaendelea kupinda ukingo wa kitambaa, akasema kusifu ni kitu kingine. Akanikumbusha kwamba nilipokuwa mdogo mwalimu wangu aliwahi kunichapa kwa kosa la mwenzangu, na kwamba nilimngoja aseme neno mpaka shule zikafungwa. Mimi nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa na daftari la yule msichana.  Niliwaambia kwamba nilimkosoa mwenzao bila kutazama ndani ya chupa, kwamba yeye alifanya kazi niliyoagiza na mimi sikuifanya. Kisha nikamgeukia.

"Nisamehe, mwanangu."

Aliinamisha kichwa, akaitikia kwa sauti ndogo kwamba ameshasamehe. Mvulana wa mbele akauliza kama na wao waende kuwatafuta panzi wao wawahesabu miguu upya. Nilishindwa kuwazuia. Tulitoka tena, na safari hii wasichana wawili walimvuta mkono aende nao.

Wiki ile bibi yake alifika shuleni na leso yake yenye magamba ya samaki, ana wasiwasi, akidhani mjukuu amefanya kosa. Nilimkalisha nikamwonyesha mchoro. Aliutazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mbawa bila kuugusa. Akaniambia nyumbani mtoto haongei, lakini jana jioni alieleza habari za panzi mpaka chakula kikapoa.