Bata wa Bi Zubeda

Bi Zubeda wa Kisauni alijulikana kwa mambo mawili: mahamri yake hayakulala, na ulimi wake haukuongopa. La kwanza lilimletea wateja. La pili liliwapunguza, maana aliyeuliza kama kanenepa alijibiwa.

Mwaka wa sitini na tatu uhuru ulikuwa njiani, na kila mwenye koti alitaka udiwani. Vitabu vya shule vilishatufundisha kwamba wakubwa wa dunia walikuwa wakweli tangu utotoni: mmoja alikata mti wa babake akakiri, mwingine alirudisha chenji dukani. Siasa walijifunzia wapi, vitabu havisemi. Bwana Khatibu, mgombea wetu, hakutaka kupitwa. Kila mkutano alisimulia jinsi alivyoiba bata wa jirani akiwa mtoto, dhamiri ikamchoma, akamrudisha bila kuulizwa.

Mpinzani wake Nicanor, karani wa bandarini, akauliza: "Huyo mwenye bata yuko wapi?"

Mwenye bata, Bi Zubeda, alikuwa akikanda unga. Khatibu akamfuata huko huko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kula au kuomba?"

"Kuomba. Jumapili unisemee mbele za watu. Bata si wako?"

"Bata wangu, na wewe wangu, nimekupakata. Lakini nitasema lililokuwa, sisemi ulilotunga."

"Wallahi nitashindwa, mama!"

"Basi ushindwe umeshiba. Chukua hamri."

Jumapili Nicanor alikaa mbele kabisa, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake. Bi Zubeda akapanda jukwaani, akaliweka sawa buibui lake.

"Bata alirudi, kweli. Dhamiri sikuiona. Nilipita nyumba kwa nyumba nikitangaza kwamba kesho nasomesha Halbadiri. Magharibi haijaingia, yuno kaja mbio, bata kwapani, analia kumshinda bata."

Halbadiri, kwa wageni wetu wa bara, ni kisomo cha kumwapiza mwizi. Asiporudisha, tumbo hufura. Uwanja mzima ukacheka, na Khatibu akatazama viatu vyake.

Ndipo Barke, muuza samaki, akasimama.

"Bwana Khatibu, hata leo waiogopa?"

Khatibu akajifuta jasho. "Dada, naomba hata isitajwe."

"Na wewe, Bwana Nicanor?"

Nicanor, mtu wa kanisa na mkweli wa kweli, akajibu kwamba mambo hayo hayaamini.

"Basi jamani," akasema Barke, "tumpe huyu tunayejua pa kumshikia!"

Nicanor alishindwa vibaya. Nadhani ndiye mtu pekee niliyemwona akinyimwa kura kwa kusema kweli bila kutishwa.

Khatibu akawa diwani mzuri, kwa kiasi. Simiti ya kisima chetu ilipochelewa, Bi Zubeda hakulalamika kokote. Alipita tu mbele ya nyumba ya diwani, akiuliza wapita njia kwa sauti ya mtu aliyepotelewa: "Hivi ubani mzuri wa kisomo wauzwa wapi siku hizi?"

Simiti ikafika kabla ya magharibi.