Mulango ya Kutolea Maiti

Bantu banakuyaka kuniuliza: "Patron, weye haukusoma, ulifanya namna gani mpaka uko na manyumba ya kupangisha kila fasi mu mitaa ya site?" Najibu: kwa hii mikono, na kwa meno. Meno ingine ilibakia ku ile nyumba ya kwanza. Ntaeleza.

Kama unataka manyumba ya kupangisha, sikia minyi, acha bakalani na makaratasi yabo. Usitafute lupango, ni kusema kiwanja, ya kupendeza macho. Tafuta yenye iko karibu na reli, fasi muntu wa kazi anasikia firimbi na anafika mbele kapita, musimamizi wake, hajaanza kutukana. Angalia maji ya mvua inapita wapi. Choma matofali yako mwenyewe, usinunue ya muntu. Na mbele ya kuingiza mupangaji, usimuulize anafanya kazi gani, juu ile kila muntu anajua kujibu. Muulize: "Ukikufa, bandugu yako batatoka wapi?" Hakuna mwenye alinifundisha ile swali. Nilijifunza kwa kupigwa.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya byumba mbili, matofali ya kuchoma, manjanja juu, ile mabati ya chuma. Mu ile njia yote, bengine balikuwa bado bananyeshewa chini ya nyasi. Niliijenga kila nikitoka ku kazi, bibi yangu anachota maji, minyi nakanyaga udongo, mpaka bantu banasema niko na wazimu. Nikaingiza mule mupangaji moja, muntu wa kutengeneza njia ya reli, mupole, pamoja na bibi yake. Juu ya bibi kuchoka kupika mu mvua, bwana alimujengea jikoni nyuma, ya miti na udongo. Nikamuachia.

Lakini mu Swahili yetu, mwenye kujenga anasema "nyumba yangu", na mwenye kupanga vilevile anasema "nyumba yangu". Neno ni moja. Ule bwana, kila akienda kwabo upande wa Kabondo-Dianda, alikuwa anawaambia bandugu: nyumba yangu ya manjanja, nyumba yangu ya manjanja. Hakudanganya. Alikuwa anasema sawa bantu bote.

Basi homa ikamuua. Tukamuzika; bandugu yake balishuka ku treni, bakatukuta ku makaburi. Kesho yake, saa sita, natoka ku kazi, nasikia njanja inalia sawa mbuzi mu kisu. Nikakimbia. Nakuta banaume juu ya nyumba yangu, na mashoka, banangoa. Kwabo, muntu akikufa, nyumba yenye balimutolea maiti inavunjwa, juu roho yake isirudie kulala mule. Nyumba ya nyasi, unavunja asubuhi, mangaribi umeshajenga ingine. Lakini hii ilikuwa jasho yangu yote!

"Shukeni! Mwenye nyumba njo minyi, si mwingine!"

Mujomba wa marehemu, muzee wa mabega sawa ya ng'ombe, alikuwa chini na shoka yake. Akacheka. "Mwenye nyumba tulimuzika jana. Weye uko nani, mulevi?"

Nikapanda, nikashika mutoto yake mukubwa ku muguu, nikavuta. Alianguka juu ya mukono, nikasikia mufupa inakatika sawa kuni kavu. Wa pili akanipiga na mupini ya shoka mu kinywa. Nikatema meno, nikamupiga kichwa mu pua, tukaanguka bote chini. Majirani balijaa ku njia, hakuna mwenye kuamua. "Muchape, patron!" banapiga kelele. "Mukule masikio!" Na mujane alikuwa amekumbatia muti ya mulango, banamuvuta nguo, banamupiga makofi, juu alisema nyumba ni ya patron.

"Unamutetea!" shemeji yake anamufokea. "Huyu njo bwana yako mupya?"

Nikaokota tofali, nikamupasua kichwa yule shemeji. Kisha nikakamata muzee ku shingo, nikamubana ku ukuta mpaka macho inatoka. Nikaona kivuli ya shoka juu ya kichwa yangu. Pale njo mujane alilia kwa nguvu:

"Mulango gani balimutolea? Semeni! Mulikuwa hapa?"

Shoka ikasimama.

"Alikufia ku jikoni," akasema. Jicho moja ilikuwa imevimba, imefunga. "Baridi ya homa ilikuwa inamutetemesha, akalala karibu na moto. Ile jikoni aliijenga na mikono yake, mukaulize njia nzima. Balimutolea mule. Patron njo alibeba miguu."

Bote bakaniangalia. Nilibeba miguu, ni kweli. Lakini tulimutoa kwa mulango ya mbele, hata kiwiko yangu iligonga muti ya mulango. Nikatema damu, nikasema bila kupepesa jicho: "Ku jikoni."

Muzee akajishika shingo. "Juu ya nini haukusema tangu mwanzo, mupumbafu weye? Ona mukono ya mutoto wangu!"

Balivunja ile jikoni, bakaichoma na byungu ndani. Kisha muzee akamunyooshea mujane kidole: "Funga bintu. Unaenda na shiye."

"Siendi, muzee."

Akainua mukono. Nikainua tofali. "Umeshakubali nyumba ni yangu," nikamuambia. "Basi muntu mwenye iko ndani, wa kumutosha inje ni minyi peke yangu. Na minyi sijamutosha."

Baliangaliana, baliangalia tofali, baliangalia ule wa mukono anavyolia. Bakaenda.

Mujane akaikala ku mulango, anajipanguza damu na kitambaa. Manjanja ingine ilikuwa chini, imekunjika, lakini ukuta ilikuwa imesimama yote.

"Patron," akasema, "ntapikia wapi?"

"Ntakujengea jikoni."

"Ya matofali."

"Weye mama! Jikoni ya matofali, banaonaka wapi?"

"Baba, minyi niko najua mulango gani tulimutolea. Na treni yabo ya Kabondo-Dianda haijaenda bado."

Nilijenga ya matofali. Na manjanja juu.