Siku Niliyotafsiri Nimefumba Macho

Jamani, chekeni tu, maana hata nikikataza mtacheka, na mimi mwenyewe bado uso unaniwaka nikipita mbele ya kanisa letu pale Kamembe.

Mnajua nimekulia Bukavu, kwa hiyo Kiswahili ninacho na Kinyarwanda ninacho, na Jumapili ile mgeni wetu, mchungaji kutoka ng'ambo ya mpaka, huko Bukavu, asiyejua Kinyarwanda, alifika bila mtu wa kumtafsiria, basi wazee wa kanisa wakaninyooshea kidole. Mimi! Mtu ambaye hata kusimama kutoa salamu moyo hunidunda mpaka masikio yanaziba (ugonjwa wangu wa tangu utotoni, nimeuombea hadi nikachoka). Tena benchi la mbele alikuwa ameketi baba yake Furaha, mzee mkali aliyetoka Giheke makusudi kuja kumtazama kijana anayemtaka binti yake. Kijana ndiye mimi. Kukataa mbele yake singeweza, na kukubali nilikuwa nakufa.

Ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo: nifumbe macho. Nilijiambia huko ndiko kumtegemea Mungu.

Mwanzo mambo yalienda. Kwetu mtafsiri humfuata mhubiri kwa kila kitu, akipaza sauti nawe unapaza, akiinua mkono nawe unainua, na mgeni alihubiri juu ya wasiwasi, kwamba Mungu hachoki kutubeba, nami humo gizani nikawaka moto, sentensi kwa sentensi, nisiache hata moja. Kosa likawa hilo la kutoacha hata moja. Nikasikia, "Muniletee mayi kidogo," nami nikanguruma kwa Kinyarwanda, "Nileteeni maji!" na kanisa likaitika, "Amina!"

"Hapana, ndugu, ile ni ya mimi, niko na kiu."

Nikaitafsiri pia, mkono juu. Kicheko kikaanza upande wa kwaya (nilidhani ni furaha ya Roho!), na mchungaji akanisogelea.

"Fungua macho, ndugu! Batu bote banakuangalia!"

Nami bila kupumua nikanyoosha kidole mbele na kupiga kelele: "Fungua macho, ndugu! Watu wote wanakutazama!"

Kitu kikaanguka puu! Nikafumbua macho. Mungu wangu! Chini ilikuwa Biblia, na nyuma yake amesimama baba yake Furaha aliyeidondosha, macho mekundu ya usingizi, kidole changu kimemlenga kifuani. Kumbe alikuwa anasinzia! Nimemwamsha mkwe wangu kwa kipaza sauti mbele ya kanisa zima. Furaha pale kwenye kwaya alijifunika uso kwa kitenge. Nilitamani ardhi ipasuke, na mdomo ukasema wenyewe: "Mzee, nisamehe. Nilifumba macho kwa sababu nawaogopa watu. Wewe ndiye nakuogopa zaidi."

Nilingoja anitukane.

Mzee akashusha pumzi. "Mchana nasinzia," akasema, "kwa sababu usiku silali. Tangu mvua ibebe kipande cha shamba, wingu likikusanyika tu nakaa kitandani nasikiliza kilima kisije kikatuporomokea. Sijamwambia mtu, hata mke wangu." Kisha akapiga magoti palepale, mzee yule niliyedhani hakuna anachokiogopa duniani!

Mchungaji akauliza, "Anasema nini?" Nikamtafsiria. "Basi umuombee," akaniambia. "Hapa hapana kutafsiri."

"Mimi?"

"Nani tena? Woga unaijua, wewe."

Nikaweka mkono begani mwa mzee nikaomba, sauti inatetemeka, macho wazi, nikiwaona watu wote na wao wakiniona. Moyo ulidunda vilevile, sitawadanganya, lakini sikukimbia, na mzee alinishika mkono asiuachie mpaka amina. Kwa mara ya kwanza niliamini kwamba Mungu anaweza kumshika mtu huku magoti yake yakigongana.

Nimeapa: kutetemeka nitatetemeka, na nikiogopa nitasema naogopa, kwa Mungu na kwa watu. Lakini kufumba macho halafu niuite woga wangu imani, sirudii tena.

Na mzee? Tulipotoka alinisubiri mlangoni, hajacheka hata kidogo.

"Waambie wazee wenu waje nyumbani kuposa," akasema. "Ila msemaji wao asiwe wewe."