Sahihi ya Kipa

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikibeba watu kwa baiskeli pale Busia, kutoka ofisi za upande wetu wa Kenya hadi ofisi za upande wa Uganda. Kazi ile haikutaka maneno mengi. Abiria alikaa nyuma juu ya kiti cha sponji, akasema "boda", nami nikakanyaga pedali. Kwa mtu aliyemaliza darasa la saba bila kuinua mkono hata siku moja, ilikuwa kazi nzuri.

Stendi yetu ilikuwa kando ya duka la mzee mmoja Mwislamu aliyeuza vitenge. Siku za mpira mzee aliweka redio dirishani, akaigeuza ituelekee sisi wa baiskeli. Ndipo nilipomjua kipa wa timu moja ya Kampala. Sikuwa nimemwona, nilimsikia tu. Washambuliaji walitajwa kila dakika, lakini yeye hakutajwa mpaka hatari ifike. Siku moja timu yake ilicheza na timu ya Nairobi, ikapigwa penalti, redio ikanyamaza kidogo, kisha mtangazaji akalitaja jina lake mara tatu. Nilipenda hivyo, kwamba mtu anaweza kukaa kimya mchezo mzima na bado awe wa maana.

Kijana mmoja wa gazeti alikuwa ametuonyesha kadi yenye sahihi ya winga wa Kisumu. Tangu hapo nikataka sahihi ya kipa yule. Nikakosea, nikalisema hilo mbele ya mwenzangu wa stendi, mtu wa Bukhayo mwenye mdomo.

"Wewe?" akasema. "Wewe hata maji unaomba kwa macho. Utamwombaje mtu sahihi?"

Wengine walicheka. Mzee wa vitenge hakucheka, lakini niliona ndevu zake zikitikisika.

Wiki chache baadaye wakala mmoja wa forodha alituambia kwamba timu ile ingepita Jumamosi asubuhi kwa basi, ikienda kucheza Kisumu. Nilikuwa na siku tatu za kufikiria nitasema nini. Kila sentensi niliyoitunga iliniaibisha kabla haijafika mdomoni. Mwishowe niliamua kutengeneza kitabu ambacho kingesema badala yangu. Nilinunua daftari la jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula na penseli, nikagawa kila ukurasa safu tatu. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa: JINA, KAZI, SAHIHI. Mimi huandika polepole, kwa hiyo vichwa vile vilinichukua jioni nzima. Pale penye KAZI nilitegemea waandike beki, winga, na kadhalika.

Jumamosi nilivaa shati langu la kaki, ndilo pekee lililokuwa na kola nzima. Basi lilifika kama saa nne. Meneja wa timu alichukua karatasi zao zote akaingia nazo ofisini, wachezaji wakashuka kunyoosha miguu. Nilimwendea wa kwanza, nikafungua daftari, nikampa kalamu. Sikusema kitu.

Alitia sahihi bila hata kunitazama usoni, akampa mwenzake. Yule akampa mwingine. Wakajipanga mstari wenyewe. Sikuamini kwamba jambo lingekuwa rahisi hivyo, mpaka nilipotupia jicho ile safu ya kati. Wa kwanza alikuwa ameandika karani wa benki. Wa pili, fundi umeme. Halafu mwalimu, askari magereza, dereva. Mmoja alikuwa ameongeza mwenyewe, pembeni, kwamba angekaa Kenya siku mbili na hakuwa na mzigo wa kulipiwa ushuru.

Ndipo nikaelewa. Watu wa mpakani hawaulizi kitabu chenye mistari ni cha nani. Shati la kaki, daftari gumu, safu tatu, na kijana asiyetabasamu: walikuwa wamenichukua kuwa karani wa uhamiaji. Ningesema neno moja tu mambo yangenyooka. Sikulisema. Niliona haya, na pia, kusema kweli, niliona utamu kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kunipangia mstari.

Kipa hakuwa kwenye mstari. Nilimtambua kwa mikono, mipana, vidole viwili vimefungwa plasta. Alikuwa amezunguka nyuma ya basi, nami nikamfuata huko na daftari langu. Aliponiona akaiweka mikono nyuma ya mgongo.

"Ssebo," aliniita, kwa heshima ambayo sikustahili. "Meneja huwa anatuandikia wote. Hakukwambia?"

Nilitikisa kichwa.

Akachungulia upande walipo wenzake, kisha akasogea karibu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wafanyabiashara wa kule ng'ambo, cha haraka na cha kukatakata. "Karani, nisaidie. Mimi na kalamu hatujuani. Hawa vijana hawajui. Wakijua watanicheka mpaka Kisumu na kurudi." Akatoa dole gumba la mkono wa kulia, akalinyoosha mbele yangu. "Wino wako uko wapi? Nitie kidole upesi, kabla hawajaja."

Sikuwa na wino wa kidole. Ofisini walikuwa nao, katika kibati kidogo chenye kitambaa cheusi, lakini mimi nilikuwa na kalamu tu. Alibaki amelinyoosha lile dole, na uso wake ulikuwa na wasiwasi ule niliouona kila siku kwa abiria wangu walipokaribia dirisha la uhamiaji. Mtu aliyeshika penalti mbele ya uwanja uliojaa alikuwa ananiogopa mimi.

"Mimi si karani," nikasema.

"Nini?"

"Si karani. Nabeba watu kwa baiskeli."

Akalirudisha dole taratibu. "Sasa hiki kitabu ni cha nani?"

"Changu."

"Cha nini?"

"Nilisikia ulivyoshika ile penalti. Kwa redio. Nilitaka jina lako."

Nilidhani angenipiga, na singemlaumu, maana nilikuwa nimeipata siri yake kwa hila, ingawa hila yenyewe sikuipanga. Kisha akapumua kwa nguvu.

"Kijana, umenitisha," akasema. "Nilijua leo narudishwa." Akachungulia tena upande wa wenzake. "Na ile siri?"

"Mimi sisemi na watu," nikamjibu.

Hapo akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Hiyo naamini." Akalichukua daftari, akaliweka juu ya kiganja chake na kulishikilia kama meza. "Basi niandikie wewe."

Nikaandika jina lake. Kwa kawaida yangu nilienda herufi moja moja. Nilipotaka kuharakisha akanizuia. "Polepole hivyo hivyo. Nataka kuona linavyokwenda." Nilipomaliza alilitazama kwa makini akauliza kama kweli lilikuwa refu kiasi hicho. Nikamwambia ndiyo. Nikauliza niandike kazi gani.

"Kazi gani tena? Andika kipa. Hao wengine wana nyingine, mimi ni hiyo tu."

Ilibaki safu ya tatu. Alilibonyeza dole lake pale, kavu, akalizungusha kushoto na kulia kama wanavyofundishwa wasiojua kuandika, akaliondoa. Palibaki unyevu mdogo wa jasho, ukakauka tukiutazama. Meneja akaita, wakapanda basi, wakaenda.

Mwenzangu wa Bukhayo alikuwa akinisubiri stendi. Alinipokonya daftari, akasoma ukurasa wote kwa sauti, karani wa benki, fundi umeme, na watu wakasogea kusikiliza. Alipofika mstari wa mwisho akasimama.

"Ngoja kwanza. Huu ni mwandiko wako. Hii *k* ya kulala naijua." Akaugeuza ukurasa kwenye mwanga. "Na pa kutia sahihi hamna kitu. Jamani, hii sahihi si sahihi."

Walicheka kweli siku hiyo. Mzee wa vitenge alitoka dukani, akalitazama lile jina, kisha akanitazama mimi.

"Ulimwona, kijana?" akaniuliza.

"Nilimwona, mzee."

"Na ukazungumza naye?"

Nilikuwa na maneno, safari hii yalikuwa yamejaa mdomoni, na kila moja lilikuwa kweli. Lakini malori ya kwenda Kisumu yalipita pale kila saa, na turniboi, wale wasaidizi wa madereva, walizichukua habari zetu hadi huko kama walivyochukua abiria wa bure.

"Ameandika mwenyewe, huyu," mwenzangu akasema. "Aliogopa. Si uliogopa?"

"Niliogopa," nikasema, nikalichukua daftari langu.

Abiria alikuwa amefika, mama mwenye kikapu cha samaki. Alikaa nyuma, akasema boda.